Mwaka Tulipohojiwa kwa Ajili ya Zuhura

Tulimzika Wairimu kwao Othaya, Julai iliyopita, siku ya ukungu mzito hivi kwamba waliosimama upande wa pili wa kaburi tuliwasikia wakiimba kuliko tulivyowaona. Mchungaji alisoma historia yake kwa sauti ya upole: alikozaliwa, shule alizofundisha, watoto aliowalea, kamati za kanisa alizohudumia. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba marehemu alimaliza masomo ya sekondari mjini Nyeri, alipita bila hata kupumua, akaenda kwenye harusi. Nikajikuta nimesema "Hapana" kwa sauti. Mama aliyekuwa karibu nami alinishika mkono akidhani ni uchungu. Ulikuwa uchungu, ndiyo, lakini ulikuwa pia ubishi. Mwaka ule mmoja, ambao mimi nikifumba macho nauona kuliko miaka yangu mingine yote, ulikuwa umepitwa kwa nusu sentensi. Baadaye, tukinywa chai ya maziwa mengi chini ya turubai, binti yake mkubwa, anayeniita mama mdogo kwa Kikuyu, alinijia akaniambia, "Tata Muthoni, mama hakuwahi kutuambia mengi juu ya Nyeri. Alikuwa anasema tu ati mulisoma na baridi." Nilimwahidi kwamba nitaandika. Ndiyo haya.

Tulikuwa kidato cha sita, katika shule ya misheni iliyokaa kwenye mteremko juu ya mji, miaka saba au minane hivi baada ya uhuru. Wasichana waliochukua fizikia tulikuwa wawili tu, mimi na Wairimu. Maabara yetu ilikuwa chumba kirefu chenye paa la mabati na madirisha ambayo hayakufungika sawasawa, na asubuhi tulikuwa tunaandika tumevaa soksi mikononi. Mwalimu wetu aliitwa Ndirangu, mtu wa Kangema, kijana bado, mwembamba, mwenye koti moja zito la rangi ya majivu alilorudi nalo kutoka Urusi. Alikuwa amesomea huko miaka mingi, na aliporudi alikuta vyeti vyake vinashikwa kwa ncha za vidole. Wenzake waliosomea Uingereza walikuwa wamepewa ofisi Nairobi. Yeye alipewa sisi wawili. Miss Rennie, mwalimu mkuu, Mskoti mwenye miguu mirefu na hasira fupi, alimchukua kwa sababu hakupata mwalimu mwingine wa fizikia aliyekubali kufundisha wasichana wawili kwenye baridi ile. Alitwambia hivyo waziwazi, na Mwalimu akiwa amesimama hapo hapo.

Alitufundisha kama watu wazima. Siku moja ya mwezi wa pili alimwomba dereva wa lori la shule atupeleke upande wa Naro Moru, tukapanda barabara ya msituni kuelekea mlimani, tukisimama kila baada ya kitambo kusoma vipimajoto alivyovining'iniza kivulini. Tulibeba mayai ya kuchemsha, mkate, na chupa ya chai ambayo ilikuwa imepoa kabla hatujafika kwenye mianzi. Joto lilishuka kila tuliposimama. "Nani ameiba joto?" alituuliza, huku meno yake yanagongana. Wairimu akasema ni barafu ya mlimani. Mimi nikasema ni upepo. Alitikisa kichwa. Hakuna aliyeiba, alisema. Hewa inapopanda, inapunguziwa mzigo wa hewa iliyo juu yake, kwa hiyo inatanuka; na ili itanuke lazima isukume jirani zake; na nguvu ya kusukuma inaitoa wapi kama si kwenye joto lake yenyewe? Hewa inajilipia safari. Nilikula yai langu nikitazama wingu likipanda bondeni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona wingu kama kitu kinachofanya kazi.

Kutoka hapo ndipo alipotupeleka Zuhura. Warusi walikuwa wametua chombo huko siku za karibuni, na rafiki zake walikuwa wakimtumia majarida, maandishi yao kama ua wa miti iliyokatwa. Zuhura, alituambia, ile nyota tunayoiona ikiwaka upande wa Nyandarua jioni, ina hewa nzito ajabu. Ukisimama chini kabisa, mgandamizo ni kama mara tisini ya huu wetu, na joto lake linayeyusha risasi. Hewa yenyewe karibu yote ni kaboni dayoksaidi. Sasa, sheria ya gesi mliyokariri kwa ajili ya mtihani, inatosha huko? Alituacha tujibu, tukashindwa, akaweka chaki chini na kuanza kuzungumza Kiswahili, kama alivyofanya kila jambo lilipokuwa gumu. Nayakumbuka maneno yake neno kwa neno, kwa sababu baadaye niliulizwa mara nyingi sana niyarudie. "Ile sheria ilitungwa kwa wale walio mbalimbali. Kwenye uwanja mpana, kila mtu anatembea kama hakuna mwingine. Lakini wabane pamoja. Hapo utaona kila mmoja ana mwili unaotaka nafasi, na kila mmoja anamvuta jirani yake. Wakibanwa sana, hawafuati ile sheria tena. Na kumbukeni, kule chini, palipobanwa zaidi, ndiko kwenye joto kali. Ukipanda juu, mambo ni baridi, mambo ni shwari."

Dirisha lilikuwa wazi. Nje yake, kwenye njia ya kokoto, alikuwa amesimama Mzee Elija, mjumbe wa bodi ya shule, mfanyabiashara wa chai na mtu mkubwa kanisani, aliyekuja kukagua mabomba. Nilimwona. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kifuani, kama mtu anayesikiliza tangazo la kifo. Nilimwamkia kwa kichwa naye hakuitikia.

Juma lile lile nilipangiwa kufuta vumbi maktaba, chumba kilichopakana na ofisi ya Miss Rennie, kwa ukuta wa mbao. Nilimsikia Mzee Elija kabla sijamwona. "Madam, mimi sina ubaya na kijana. Lakini nilisikia na hii masikio yangu. Ati watu wa chini wamebanwa. Ati hawatafuata sheria. Ati walio juu wanakaa shwari. Hiyo ni fizikia gani?" Miss Rennie alisema kitu kwa Kiingereza ambacho sikukipata. Mzee akaendelea, sauti imeshuka: "Kama mimi nimesikia na ninyamaze, kesho ni mimi nitaulizwa kwa nini nilinyamaza. Na wewe pia, madam. Wewe ni mgeni hapa." Kijiko kikagonga kikombe, kikakoroga na kukoroga. Nilisimama na kitambaa changu mkononi, nikiogopa hata kusogeza kitabu. Leo, nikiwa na umri unaomzidi Mzee Elija wa wakati ule, siwezi kumwita mtu mbaya. Alikuwa ameona mengi wakati wa hali ya hatari ya siku za mkoloni, alijua jinsi mtu anavyoweza kupotea kwa sababu ya neno, na akaamua kwamba safari hii atakayepotea si yeye.

Walimchukua mchana, katikati ya somo. Waliingia wawili bila kubisha. Mmoja alikuwa na koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka. Wote tulijua bila kuambiwa kwamba ni askari kanzu. "Mwalimu, njoo tuongee kidogo," alisema yule wa koti, kwa adabu kabisa. Mwalimu Ndirangu alitazama ubao, akatutazama sisi, akasema, "Malizeni hesabu," akatoka. Hakuchukua koti lake. Lilibaki kwenye kiti, na mimi na Wairimu tukamaliza hesabu kwa sababu hatukujua kitu kingine cha kufanya. Kisha Miss Rennie akaja mwenyewe, akafuta ubao kwa mkono wake mtupu, haraka haraka, akabaki amesimama mbele yetu na vumbi la chaki kwenye sketi. "Girls," alisema, kisha akasahau alichotaka kusema, akaenda zake.

Mimi niliitwa kwanza. Ofisi ile nilikuwa nimeingia mara mbili tu kabla ya siku ile. Ilikuwa na moto wa kuni, zulia, na sahani ya biskuti ambazo hakuna aliyezigusa. Mtu wa koti la mvua alikaa kwenye kiti cha Miss Rennie, naye Miss Rennie akasimama dirishani kama mgeni. "Keti, msichana," alisema yule mtu. "Usiogope. Mwalimu wenu anawafundisha nini?"

"Fizikia, bwana."

"Fizikia gani hiyo iko na watu wa juu na watu wa chini?"

"Si watu, bwana. Ni hewa. Hewa ya chini imebanwa na ya juu."

"Nani anaibana?"

"Uzito wa ile iliyo juu yake."

Aliinama mbele. "Kwa hivyo walio juu ni mzigo kwa walio chini."

"Hewa, bwana," nilisema. "Ni hewa tu." Alinirudisha mwanzo. Nikamweleza safari ya mlimani, vipimajoto, wingu. Nikamweleza kwamba sheria ile haivunjwi na gesi kwa ukaidi. Ni kwamba iliandikwa kwa gesi ambayo haipo, gesi kamilifu, ambayo chembe zake hazina ukubwa na hazivutani. Gesi halisi ikibanwa inabadilika kwa njia mbili: ukiipasha moto inatanuka kupita ile kamilifu, na hilo lingeifanya ipoe haraka zaidi inapopanda, lakini pia inadai joto zaidi ili kupanda nyuzijoto moja, na hilo linaifanya ipoe polepole. Moja linavuta huku, lingine kule, na huwezi kujua lipi litashinda mpaka ukae chini upige hesabu. Nilizungumza mpaka nikaishiwa pumzi. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza lugha ya kabila jingine ili akamate neno moja analolijua. Mwishowe akasema, "Na serikali ilitajwa wapi?" Nikasema haikutajwa. Akasema niende.

Wairimu alipoitwa, hakwenda moja kwa moja. Alipita maabara akachukua pampu ya baiskeli. Mlango wa ofisi ulikuwa haukufungwa vizuri, nami nilikaa kwenye benchi ya nje, kwa hiyo nilisikia yote. Alimpa yule mtu pampu. "Ziba hapo mwisho na kidole, bwana, halafu usukume. Tena. Tena. Sasa shika hapa chini." Nikamsikia yule mtu akivuta hewa kwa meno. "Umesikia moto?" alisema Wairimu. "Hakuna mtu ameichochea. Umeibana tu. Zuhura ni hiyo, lakini kubwa."

"Pampu haikusoma Urusi," alisema yule mtu.

Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mjomba. Alijua baba yake Wairimu anafanya kazi baraza la wilaya. Alijua jina lake liko mbele kwa ufadhili wa kwenda ng'ambo kusomea uhandisi. "Wewe uko na akili. Nchi inataka watu kama wewe. Sema tu mwalimu alikuwa anataja serikali kidogo kidogo. Neno moja. Halafu unarudi kwa masomo yako."

"Alitaja Zuhura."

"Fikiria."

"Bwana," alisema Wairimu, na sauti yake ilikuwa imepanda juu kama ya mtoto, ndipo nikajua anaogopa kuliko mimi, "ukitaka niseme maneno hayo, itabidi unifundishe wewe. Yeye hakunifundisha."

Nilisikia kiti kikisukumwa nyuma. Kwa muda nilidhani amempiga. Hakumpiga. Alifungua mlango, akanipita bila kunitazama, na nyuma yake nikaona Miss Rennie ameziba mdomo kwa viganja viwili.

Jumapili ya wageni baba yake Wairimu alikuja. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu vilivyong'arishwa, amebeba sufuria ya irio iliyofungwa kwa kitambaa. Tulikaa majanini watatu, na wao hawakuniambia niondoke. Nadhani walinitaka pale ili wasipigiane kelele. Alitupakulia kwanza. Alisubiri tule. Kisha akasema bila kuinua macho, "Waliniita kwa ofisi. Waliniambia ni neno moja tu."

"Baba, hiyo neno moja ni mtu mzima," alisema Wairimu. "Ni mtu na maisha yake yote."

"Na mimi? Mimi niko na watoto sita nyuma yako." Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililokuwa gumu kustahimili. "Sikulazimishi. Nimekuja tu ujue vile nyumbani kuko." Wairimu alilia akitafuna, huku anaendelea kula, kwa sababu mama yake ndiye aliyepika. Baba alimwongezea chakula. Alipoondoka aliweka mkono kichwani pake kwa muda mrefu, na hakumwambia abadilishe neno.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kusubiri. Hakuna aliyetuambia Mwalimu yuko wapi. Wasichana wengine waliacha kukaa meza yetu. Githeri yetu tuliila tukitazamana. Hatukuletewa mwalimu mwingine, tukafundishana wenyewe, mmoja ubaoni, mwingine kwenye benchi, tukibadilishana. Kila gari lililopanda mteremko lilituacha na chaki hewani. Ile hesabu ya Zuhura tuliipiga pia, kwa namba chache tulizokuwa nazo, ingawa haikuwa kwenye mtihani. Wairimu alisema tukiiacha itakuwa kama tumekiri. Tukaona kwamba zile njia mbili karibu zinafutana, na tofauti inayobaki ni ndogo. Nilipata kazi maishani mwangu katika mambo ya hali ya hewa, nimekaa miaka mingi nikirusha maputo na kusoma joto la angani, na naweza kusema kwamba hewa yetu hii ya dunia ni nyepesi kiasi kwamba sheria ya wanafunzi inaitosha. Sijawahi hata siku moja kuhitaji lile sahihisho la Mwalimu Ndirangu. Mtu alitiwa ndani kwa sababu ya tofauti ndogo, katika hewa ambayo hakuna mwanadamu atakayeivuta. Lakini ndiyo iliyonifundisha kuuliza, mbele ya kila sheria, iliandikwa kwa nani.

Karibu na mtihani, Miss Rennie alituita jikoni kwake, si ofisini, akatumiminia chai mwenyewe. Mwalimu Ndirangu ameachiliwa, alisema. Hakupatikana na kosa. Lakini hatafundisha tena, si hapa, si popote. Yuko kwao Kangema. Kisha akamgeukia Wairimu, na ile hasira yake fupi haikuonekana popote. Nafasi ya ng'ambo imepewa mtu mwingine. Yeye ameandika, amepiga simu, amekwenda Nairobi. "Nilijaribu, mtoto," alisema kwa Kiswahili chake kibovu, lugha ambayo hakuwahi kuitumia nasi. Mimi nilikuwa sikuwahi kuomba ng'ambo, kwa hiyo hawakuwa na cha kuninyang'anya. Wairimu alimaliza chai yake, akaosha kikombe, akakipangusa, akakiweka rafuni. Tulifanya mtihani. Alama zake zilikuja kunipita, kama kila mara.

Baada ya mtihani, kabla ya kurudi makwetu, tulikwenda Kangema bila kumwambia mtu. Mwalimu tulimkuta ndani ya shamba la chai, kikapu mgongoni. Alitutambua akiwa mbali, na jambo la kwanza alilofanya ni kutazama barabara nyuma yetu. Alikuwa amekonda zaidi na shingo yake ilikaa upande. Tulimpa koti lake, akalikunja akalitia kikapuni juu ya majani. Mama yake, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani, alituingiza jikoni, akatupa uji kwenye vibuyu, na pale gizani penye moshi Mwalimu akauliza kwa sauti ndogo, "Waliwauliza nini?" Wairimu akamsimulia: watu wa juu, watu wa chini, pampu. Alipofika kwenye pampu kutosoma Urusi, Mwalimu alianza kucheka. Alicheka mpaka akainama, akashika ubavu kama unaomuuma, na mama yake akaacha kukoroga, akamtazama na kijiko hewani. Kisha kicheko kikamkatika. "Mmefanya vizuri kuja," alisema. "Lakini msirudi. Chifu anajua kila anayeingia hapa."

Mama yake ndiye aliyetusindikiza mpaka barabarani, kikapu mkononi. Kulikuwa na manyunyu. Tulipotoka mahali ambapo mwanawe angetusikia, alisimama, akatuuliza kwa Kikuyu:

"Nyinyi mmesoma. Niambieni ukweli, sitamwambia. Mwanangu alifanya nini?"

Nilitafuta maneno. Nilikuwa nimeyasema mbele ya askari, lakini mbele ya mama yule yote yalinipotea.

"Alitufundisha, mama," alisema Wairimu.

"Na kingine?"

"Hakuna kingine."

Mama yule akatembea hatua chache, kisha akamuuliza, "Na wewe, sasa umemaliza shule, utafanya kazi gani?"

Mwaka mzima nilikuwa nimemsikia Wairimu akizungumza juu ya madaraja: atajenga daraja gani, juu ya mto gani. Alitazama chai iliyoteremka mpaka bondeni, kijani tupu, na watu wadogo wadogo ndani yake.

"Nitafundisha," alisema. "Fizikia."

Nilidhani mama yule atamkemea, au atalia. Hakufanya hivyo. Aliweka chini kikapu chake, akamvuta Wairimu karibu, akaanza kumfunga vifungo vya sweta, kimoja baada ya kingine, mpaka shingoni, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule asubuhi ya baridi.